Matumizi ya Fankisheni za Maandishi katika Kuchopoa na Kusafisha Data za Lebo za Mimea: Mfano wa Magamba na Usambara Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna fankisheni za maandishi zinavyotumika kuchopoa taarifa za mahali, mwinuko, tarehe na mkusanyaji kutoka katika lebo za sampuli za mimea zilizokusanywa Magamba na sehemu nyingine za Usambara Magharibi, Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Hoja kuu ni kwamba kosa la usafishaji halijitokezi kama kosa. Fomula hurudisha jibu nadhifu, na jibu hilo huingia katika ramani ya uenezi wa spishi bila kuhojiwa na mtu. Mifano ya lebo iliyotumika imetungwa kwa kufuata mitindo ya lebo na machapisho ya vipindi mbalimbali, wala hairejelei sampuli yoyote mahususi.

1. Maandishi yenyewe na yalikotoka

Mimea ya Usambara imekusanywa kwa zaidi ya miaka 130. Carl Holst alikusanya huko katika miaka ya mwanzo ya 1890. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire alilitambulisha Ulaya ua ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la jenasi Saintpaulia. Adolf Engler, mkurugenzi wa Bustani ya Mimea ya Berlin, alizuru milima hiyo mwaka 1902, mwaka uleule ambao Taasisi ya Biolojia na Kilimo ilianzishwa Amani. Mwaka 1953 Drummond na Hemsley walifanya ukusanyaji mkubwa Usambara Magharibi, na matokeo ya kazi za vizazi vyote hivyo yakaingia katika Flora of Tropical East Africa, iliyochapishwa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, ambamo Usambara imo katika kanda iliyopewa alama T3.

Kila kipindi kiliacha maandishi yenye desturi zake. Lebo ya Kijerumani husema "West-Usambara, Schume-Wald, 1.900 m, 12.VIII.1902". Ya Kiingereza husema "W. Usambara Mts., Magamba Forest, c. 6,000 ft., 14.v.53". Ya Kiswahili ya miaka ya karibuni husema "Msitu wa Magamba, mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mti wa urefu wa mita 20, gome lenye magamba". Mji wa Lushoto katika lebo za kwanza ni Wilhelmstal, na wakati mwingine Wilhelmsthal. Mtafiti anayetaka kujua spishi fulani ilionekana wapi, lini na katika mwinuko gani hana budi kuyageuza maandishi haya yote kuwa safuwima za namba, tarehe na majina yaliyosanifiwa.

Kuna sababu ya pekee inayoyapa maandishi ya Usambara uzito. Sampuli nyingi za kipindi cha Wajerumani zilihifadhiwa katika hebaria ya Berlin, ambayo iliungua kwa mashambulizi ya mabomu mwezi Machi 1943. Nakala nyingine zilisalimika katika hebaria za kwingineko, lakini kwa baadhi ya sampuli kilichobaki ni maneno tu: maelezo yaliyochapishwa, yakinukuu lebo ambayo haipo tena. Hapo neno likiharibiwa katika kusafisha data, hakuna jani la kurudi kulitazama.

2. Fankisheni za maandishi hufanya nini

Kwa kompyuta, lebo ni mfuatano wa herufi na alama, kila moja ikiwa na nafasi yake na namba yake ya utambulisho. Fankisheni ya maandishi ni agizo linalopokea mfuatano huo na kurudisha mfuatano mwingine, namba, au jibu la ndiyo au hapana. Katika lahajedwali, LEFT, RIGHT na MID hukata kipande, LEN huhesabu alama, FIND na SEARCH hutaja nafasi ambapo neno linaanzia, SUBSTITUTE hubadilisha, TRIM huondoa nafasi zisizohitajika. Lugha za programu kama R na Python zina zana za aina hiyohiyo, pamoja na ruwaza, yaani maelezo ya umbo la maandishi badala ya maandishi yenyewe. Ruwaza [0-9]+, kwa mfano, humaanisha tarakimu moja au zaidi zinazofuatana.

Tofauti ndogo baina ya zana hizi ina madhara. FIND hutofautisha herufi kubwa na ndogo, SEARCH haitofautishi. TRIM ya lahajedwali huondoa nafasi ya kawaida, ile yenye namba 32, lakini huiacha nafasi isiyokatika, yenye namba 160, ambayo hujaa katika maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti. Agizo la strip la Python huziondoa zote mbili zikiwa mwanzoni au mwishoni. Kwa hiyo watafiti wawili wanaweza kusema kwa ukweli kamili kwamba wameondoa nafasi za ziada, huku mmoja akiwa na "Magamba" moja na mwenzake akiwa na "Magamba" mbili zinazofanana machoni lakini zisizolingana ndani ya kompyuta. LEN huifichua tofauti hiyo upesi: neno lenye herufi saba linaporudisha 8, kuna alama isiyoonekana. Kipimo hiki rahisi hakitumiki vya kutosha, na tasnifu nyingi zinazotaja "kusafisha data" katika sentensi moja zingenufaika kukieleza.

Kasoro ya usimbaji wa herufi hutambulika kwa urahisi zaidi. Herufi ü ya Kijerumani inapogeuka kuwa "Ã¼", faili limehifadhiwa kwa UTF-8 likasomwa kwa usimbaji mwingine. Dawa yake ni kulisoma upya faili kwa usimbaji wake sahihi. Kubadilisha herufi mojamoja kwa SUBSTITUTE huficha tatizo mahali pamoja na kuliacha kwingine.

3. Ritifaa

Alama moja inastahili sehemu yake. Katika tahajia ya Kiswahili, ritifaa hutofautisha ng' na ng. Kata ya Mng'aro, iliyomo Lushoto, huandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda, kwa alama ya kufungulia nukuu, na mara nyingine bila alama yoyote. Kwa kompyuta hayo ni majina manne. Hatua inayoelekea kufaa ni kuziondoa ritifaa zote katika jedwali kwa agizo moja.

Agizo hilo lina hatari mbili. Kwanza, katika lebo za Kiingereza alama hiyohiyo ndiyo kipimo cha futi: "5500'" ikiondolewa ritifaa yake inabaki 5500, namba isiyo na kipimo. Pili, jina linapopitishwa katika fankisheni ya PROPER, ambayo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno, Mng'aro hutoka ikiwa "Mng'Aro", kwa kuwa fankisheni hiyo huhesabu herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi kuwa mwanzo wa neno. Agizo la title la Python hufanya vivyo hivyo. Waliotunga fankisheni hizi hawakuwa na ng' akilini.

Utaratibu salama ni kutenganisha kwanza, kisha kusanifisha. Mwinuko na kipimo chake huchopolewa lebo ingali kamili. Ndipo safuwima ya mahali, na hiyo peke yake, inapobadilishiwa ritifaa zote ziwe za aina moja. Kanuni hii ya kufungia badiliko ndani ya safuwima yake inahusu mambo mengi. Kubadilisha "Sch" kuwa "Sh" huigeuza Schume kuwa Shume, jambo jema. Lakini likitumika katika rekodi nzima humgeuza mkusanyaji Schlieben kuwa Shlieben, mtu asiyekuwapo.

4. Mwinuko

Mwinuko ndio taarifa inayoonekana rahisi kuliko zote kuchopoa na ambayo hupotoshwa zaidi. Ruwaza inayotumika kwa kawaida hutafuta tarakimu zikifuatwa na "m" au "ft". Ikijaribiwa kwa lebo tatu zilizotajwa mwanzoni, hushindwa kwa namna tatu tofauti.

Katika lebo ya Kijerumani, "1.900 m" ina nukta ya kutenganisha maelfu. Lahajedwali iliyowekwa kwa desturi ya Kiingereza huisoma kuwa moja nukta tisa, na mti wa mlimani hushuka hadi karibu na usawa wa bahari. Kosa hili lina heri moja, kwamba namba inayotokea ni ya ajabu na humshtua mtu. Kuondoa nukta zote si suluhisho kwa kila safuwima, kwa kuwa latitudo zilizoandikwa kwa desimali zinazihitaji.

Katika lebo ya Kiingereza, "m" huweza kuwa maili. "5 m. N. of Lushoto" haina mwinuko ndani yake, ina umbali. Ruwaza isiyodai mpaka wa neno baada ya "m" itaikamata pia "5 miles". Lebo inapotaja umbali kwanza na mwinuko baadaye, fankisheni inayorudisha tokeo la kwanza tu itarudisha umbali.

Katika lebo ya Kiswahili, kipimo hutangulia namba. Husemwa "mita 1,900", wala si "1,900 mita". Ruwaza iliyojengwa kwa mpangilio wa Kiingereza itaipita lebo hiyo bila kuona kitu, na safuwima ya mwinuko itabaki tupu. Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kuwa dogo. Rekodi zilizoachwa tupu huondolewa katika uchanganuzi, na zinazoondolewa kwa namna hii zote ni za aina moja: zile zilizoandikwa na wakusanyaji wa Kitanzania katika lugha yao. Ruwaza mbili zinahitajika, moja ya namba kabla ya kipimo na nyingine ya kipimo kabla ya namba, na ya pili ijue "mita", "meta" na "futi".

Hata ruwaza ya pili ikiwekwa, lebo ya mfano ina mita mbili: 1,900 za mwinuko na 20 za urefu wa mti. Mpangilio ukigeuzwa, urefu ukatajwa kwanza, mti wa Magamba utaandikwa kuwa umeota mita 20 juu ya bahari. Maneno yanayozunguka namba ndiyo yanayoamua. "Usawa wa bahari" na "mwinuko" huashiria mwinuko. "Urefu", "kimo" na "mti wa" huashiria mmea. Ruwaza inayotazama maneno kadhaa kabla na baada ya namba hutatua sehemu kubwa ya lebo, na zinazobaki husomwa na mtu.

Kosa lililo baya kuliko yote ni la kipimo kilichopotea, na ubaya wake ni kwamba halina dalili. Futi 6,000 zikidhaniwa kuwa mita hutoa mwinuko unaozidi ule wa Kilimanjaro, mita 5,895, na hakuna mtafiti atakayeukubali. Lakini chukua sampuli iliyokusanywa chini ya milima, karibu na Mombo, yenye "1500 ft". Hizo ni mita 457. Kipimo kikianguka na namba ikasomwa kuwa mita, 1,500 ni mwinuko wa kawaida kabisa katika Lushoto, ukiwa juu kidogo ya mji wenyewe. Spishi ya nyanda za chini inahamia kwenye msitu wa mlima, na hakuna kichujio cha namba kitakachoizuia. Kichujio kinachokataa mwinuko wowote unaozidi mita 2,300 hivi, ambao ni kimo cha vilele vya juu vya Usambara Magharibi, hukamata makosa yanayopiga kelele na kuyapitisha yaliyo kimya.

Kwa sababu hiyo namba na kipimo havina budi kuchopolewa pamoja, kwa ruwaza moja, na kuwekwa katika safuwima mbili zinazopakana. Rekodi yenye namba isiyo na kipimo ibaki bila mwinuko hadi ushahidi mwingine upatikane. Kuzidisha kwa 0.3048 hufanyika mwisho, na matokeo huzungushwa kulingana na usahihi wa asili: "c. 6,000 ft." ni takribani mita 1,830, na kuandika 1,828.8 ni kudai usahihi ambao mkusanyaji aliukana kwa herufi moja, ile "c" ya takribani, ambayo nayo huwa ya kwanza kufutwa. Masafa kama "5,500–6,000 ft." huhitaji safuwima ya chini na ya juu, mwenye kufuta kila kisicho tarakimu atapata 55006000.

5. Tarehe

Desturi ya wanabotania ya kuandika mwezi kwa namba za Kirumi ilikusudiwa kuondoa utata, na kwa msomaji binadamu iliuondoa. Kwa SUBSTITUTE huleta utata mpya. Mwenye kubadilisha "v" kuwa 5 kabla ya kushughulikia "viii" atapata "5iii". Ruwaza ndefu sharti zitangulie fupi, au bora zaidi, sehemu iliyo baina ya nukta mbili ichopolewe nzima na kulinganishwa na jedwali la miezi 12. Jedwali hilohilo hupokea pia "Mai" ya Kijerumani, "May" ya Kiingereza na "Mei" ya Kiswahili. Tarehe kama 5/6/53 haina suluhisho ndani ya maandishi yenyewe. Hutatuliwa kwa kufuata ratiba ya safari ya mkusanyaji pale inapojulikana, au huachwa ikiwa mwaka tu.

Tatizo zito zaidi la tarehe liko katika lahajedwali yenyewe. Excel haitambui tarehe yoyote kabla ya Januari 1, 1900. Tarehe ya 1953 huwa namba, ya 1892 hubaki maandishi, na zote mbili huonekana sawa kwenye skrini. Fankisheni ya MIN huyapuuza maandishi, hivyo mtafiti anayeuliza sampuli ya kwanza kabisa ilikusanywa lini atajibiwa kwa tarehe ya karne ya 20, na ukusanyaji wote wa Holst utakuwa kama haukufanyika. Aidha, mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili, kama "02", husomwa kwa kawaida kuwa 2002, na sampuli ya mwaka wa ziara ya Engler huongezwa miaka 100. Kuhifadhi mwaka, mwezi na siku katika safuwima tatu za namba za kawaida huepusha yote hayo.

6. Magamba ni wapi

Kutafuta sampuli zote za Magamba huelekea kuwa kazi ya agizo moja: rudisha kila rekodi ambamo neno "Magamba" limo. Agizo hilo hurudisha rekodi zisizohusika na kuacha zinazohusika.

Zisizohusika ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni jina la mahali pengine. Magamba Kwalukonge imo katika Wilaya ya Korogwe, mkoa uleule wa Tanga, na mtafutaji anayethibitisha kwa kuangalia mkoa tu ataipokea. Aina ya pili ni neno la kawaida. "Gome lenye magamba" ni maelezo ya mti popote ulipo, na fankisheni isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo italikamata. Kuitofautisha hakutoshi, kwa kuwa sentensi huweza kuanza kwa neno hilo. Tatizo la namna hii liko pia katika jina la milima: utafutaji wa "usambar" hurudisha kila sampuli ya Ocotea usambarensis, mti ambao Wasambaa huuita mkulo, ikiwemo iliyokusanywa kwenye Mlima Kenya au Kilimanjaro. Tiba ni ileile ya sehemu ya tatu: jina la spishi, maelezo ya mmea na mahali vitenganishwe kabla ya utafutaji wowote.

Zinazoachwa ni nyingi zaidi. Magamba ni jina la kijiji, la kata, la kilele na la msitu. Msitu huo uliwahi kuhifadhiwa kwa jina la pamoja la Shume-Magamba, na leo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba. Lebo yenye "Shume" pekee huweza kuwa ya msitu huohuo, au ya upande wa mashamba ya miti ya kupandwa, na lebo ya "Wilhelmstal, Bergwald", yaani msitu wa mlimani wa Lushoto, haina herufi hata moja ya kuisaidia kompyuta. Fankisheni ya maandishi haijui historia. Inachoweza ni kulinganisha na faharasa ya majina iliyoandaliwa na mtu anayeijua, ambamo Wilhelmstal inaelekezwa Lushoto, Schume inaelekezwa Shume, na kila jina lina kipindi cha matumizi yake.

Baadhi ya tafiti hujaribu kuikwepa kazi ya kuandaa faharasa kwa kupima ukaribu wa tahajia. Kipimo cha Levenshtein huhesabu idadi ndogo kabisa ya herufi zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili jina moja liwe jingine. Wilhelmsthal na Wilhelmstal hutofautiana kwa 1. Mtai na Mtae, mahali pamoja kwa tahajia mbili, hutofautiana kwa 1. Hadi hapo kipimo kinafaa. Lakini Shagai na Shagayu, msitu mmoja, hutofautiana kwa 2. Na Mlalo na Mlola, kata mbili tofauti za Lushoto, hutofautiana kwa 2 vilevile. Hakuna kiwango kitakachounganisha jozi ya kwanza bila kuunganisha ya pili. Kipimo hiki kinafaa kupendekeza majina ya kuchunguzwa na mtu; hakifai kubadilisha jina chenyewe, na matumizi yake ya kujiendesha katika majina ya Kibantu, ambayo ni mafupi na hushirikiana viambishi, yanapaswa kutiliwa shaka.

Viambishi na vihusishi navyo vina mtego wao. Anayeondoa "kwa", "ya" na "wa" ili kubakiza jina tupu asipodai mpaka wa neno atalikuta jina la Kwai, mahali palipokuwa na shamba la majaribio la Wajerumani, limebaki "i".

7. Mkusanyaji na nakala

Mkusanyaji aliyechukua matawi kadhaa ya mti mmoja huyapa namba moja na kuyagawa kwa hebaria mbalimbali. Katika hifadhidata za kimataifa kama GBIF, ambayo Tanzania inashiriki kupitia kituo kilichopo COSTECH, nakala hizo huingia kama rekodi mbalimbali. Ufunguo wa kuziunganisha ni jina la mkusanyaji na namba yake, na hapo "Drummond & Hemsley", "Drummond and Hemsley" na "R.B. Drummond, J.H. Hemsley" havina budi kuwa kitu kimoja. Kuchopoa majina ya ukoo pekee, kuyapanga kwa alfabeti na kuyaunganisha kwa kistari hutosha kwa sehemu kubwa. Namba ihifadhiwe kama maandishi, kwa kuwa kiambishi kama "a" kinachofuata namba huashiria sampuli nyingine.

Alama za uandishi zisifutwe ovyo katika maandishi yaliyotoka Flora of Tropical East Africa. Humo alama ya mshangao baada ya namba ya sampuli si mapambo. Humaanisha kwamba mwandishi aliiona sampuli hiyo kwa macho yake. Kuifuta ni kusawazisha ushahidi ulioonwa na ule ulionukuliwa tu. Inapasa kuchopolewa katika safuwima yake ya ndiyo au hapana kabla ya usafishaji wowote wa alama.

8. Uzito wa rekodi moja

Huweza kuulizwa kama kosa la rekodi moja kati ya maelfu lina maana. Kwa spishi iliyoenea halina. Kwa spishi za Usambara zenye makazi finyu, hesabu ni tofauti. Vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN hupima eneo linalokaliwa na spishi kwa miraba ya kilometa 2 kwa 2, kila mraba ukiwa na kilometa za mraba 4. Kwa kigezo cha eneo hilo, spishi huweza kuwekwa katika daraja la walio hatarini mno kutoweka ikiwa eneo lake ni chini ya kilometa za mraba 10, pamoja na masharti mengine, mojawapo likiwa kupatikana katika eneo 1 tu la tishio. Spishi inayojulikana kutoka miraba miwili ya msitu wa Magamba ina kilometa za mraba 8. Rekodi moja ya Magamba Kwalukonge ikichanganywa humo, au sampuli moja ya mwinuko uliopoteza futi zake ikapandishwa mlimani, mraba wa tatu unaongezeka na jumla inakuwa 12. Spishi imevuka mpaka wa daraja kwa sababu ya fomula. Huweza pia kutokea kinyume chake: rekodi halali ya Kiswahili iliyoachwa tupu huipunguzia spishi eneo ililonalo.

Kinga iliyopo ni kutoifuta lebo ya asili. Kiwango cha Darwin Core, kinachotumiwa na GBIF, kimetenga sehemu maalumu za maandishi ya neno kwa neno: verbatimLocality kwa mahali, verbatimElevation kwa mwinuko, verbatimEventDate kwa tarehe. Kila safuwima iliyosafishwa ikae kando ya ile ya asili, na kila badiliko liandikwe kama agizo linaloweza kuendeshwa upya, si kama marekebisho ya mkono ndani ya seli. Mtahini wa tasnifu anapaswa kuweza kuchagua mistari michache bila mpangilio, kuisoma lebo upande mmoja na matokeo upande wa pili, na kuamua mwenyewe. Uchaguzi huo ugawanywe kwa lugha ya lebo na kipindi chake. Sampuli ya bahati nasibu kutoka jedwali zima huelekea kutoa lebo za Kiingereza nyingi, ambazo ndizo ruwaza zilijengwa kwazo.

Zitabaki rekodi zisizoamulika: "Shume" isiyo na mwinuko, "5500" isiyo na kipimo, "5/6/53" ya mkusanyaji asiyejulikana safari zake. Hizo zipewe safuwima ya hali yake, ziandikwe kuwa hazijaamuliwa na kwa sababu gani, na idadi yake itajwe katika sura ya mbinu pamoja na mgawanyo wake kwa kipindi na lugha.